Hakuuliza Jikoni

Yule bwana aliyeapa kwamba ameuliza jikoni, na hakuuliza, bado anapeleka watu umra. Nikipita Kisauni kwa matatu naiona ofisi yake ghorofani, na chini watu wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu, pasi zao za kusafiria zimefungwa ndani ya karatasi za nailoni zisirowe jasho. Huwa natamani kushuka nimwambie kila mmoja wao. Mara moja nilishuka, na nitafika huko.

Mimi sili ufuta. Si kwamba siupendi. Wala sijui ladha yake ikoje, maana kila ulipoingia kinywani mwangu sikupata nafasi ya kuonja. Mara ya kwanza nilikuwa mdogo, harusini, hapa hapa Timbwani, Likoni. Nilipewa kipande cha halua kilichonyunyiziwa ufuta juu. Midomo ikafura, uso ukajaa mabaka, pumzi ikawa inatoka kwa mluzi. Wakanikimbiza zahanati nikiwa nimelegea mikononi mwa baba. Nyanya yangu alipohadithiwa hakutaka maelezo marefu. Alisema, "Ufuta ni mzio wake huyu. Asipewe tena." Basi pakawa pamekwisha. Hakuna aliyetaka ushahidi, hakuna aliyesema tumjaribu kidogo tuone. Ufuta haukuingia tena nyumbani kwetu, hata siku ya Idi, na jirani akileta sahani ya futari alisema kutoka mlangoni, "Hiki hakina ufuta, bismillahi."

Nilipokuwa mtu mzima daktari alinieleza yale yale kwa maneno ya hospitali, akaniandikia sindano ya kujidunga mwenyewe pajani, ile iliyo kama kalamu nene. Huku kwetu haipatikani kirahisi. Niliyokuwa nayo niliipata kwa kumwagiza mtu aliyetoka ng'ambo, na ilikuwa hiyo hiyo moja.

Baba alipofariki, Mama alibaki na haja moja tu, kwenda umra kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Mimi nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa mizigo huko Changamwe. Sina mume, niliachwa, na sina mtoto. Nikajikusuru nikapata pesa za safari ya watu wawili. Tukaelekezwa kwa huyo bwana wa Kisauni ambaye watu wote humwita Ustadhi, kwa sababu hufundisha na huongoza misafara.

Alitupokea vizuri, sitamnyima haki yake. Alimwamkia Mama kwa heshima zote, akamvutia kiti chenye mto, akaagiza sharubati ya ukwaju. Mimi nikangoja amalize kueleza habari za hoteli, kisha nikamwambia.

"Ustadhi, mimi nina mzio wa ufuta. Si kuchafukwa na tumbo. Ni kufa. Na huko tuendako wanausaga wakautia katika vyakula vingi, wanauita tahina. Nataka pawe na mtu wa kuzungumza na wapishi kila tutakapofika."

Akatabasamu. "Nimekuelewa, dada yangu. Hilo niachie mimi."

"Kama haliwezekani niambie sasa. Nitatafuta nyumba yenye jiko nijipikie."

"Usijitaabishe. Nimepeleka wenye sukari, nimepeleka wenye presha, nimepeleka wenye maradhi ya figo. Ufuta ndio utakaotushinda?"

Mama akacheka, akafurahi. Nami nikanyamaza, kwa kuwa mtu amekwambia mwachie, nawe umelelewa usimsonge mtu mzima anapokupa ahadi.

Tulifungasha chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na chupa ya achari ya maembe ya Mama, iliyotaka kutupwa na mtu wa forodha ikaokolewa kwa dua na machozi. Ndani ya ndege nilikula vyangu. Mhudumu aliniletea trei mara mbili, na mara zote mbili kulikuwa na mkate uliopakwa ufuta juu, mbegu zimetawanyika mpaka kwenye kijiko. Nikamrudishia. Jirani yangu wa kiti cha tatu akamwambia mwenzake, kwa Kiswahili, kana kwamba mimi sikijui, "Wengine wakipanda ndege tu, wanaanza kuchagua."

Tulifikia Madina. Watu hudhani ukifika nchi ya Waislamu umepumzika na habari za chakula, kwamba kila kilicho mezani ni halali yako ule. Ni halali, ndiyo. Lakini uhalali wa chakula haumfungui mtu koo likishabana. Meza ya hoteli ilikuwa ndefu kama varanda: wali, kuku, maharage, mikate ya kila namna, mabakuli ya vitu vilivyopondwa vyeupe na vya rangi ya udongo, nami sijui hata kimoja kilichomo ndani. Siku ya kwanza nilimwonyesha mhudumu maandishi ya Kiarabu niliyoyatayarisha kwenye simu. Akayasoma, akaanza kwenda jikoni. Ustadhi akatoka mbio kwenye meza yake akamzuia.

"Dada, hawa usiwasumbue," akaniambia. "Mawasiliano na hoteli ni yangu mimi. Kila mtu akianza kuita wahudumu hapa, msafara utakuwa soko."

"Wewe umewauliza?"

"Nitawauliza, inshallah."

Nikala wali mweupe, ndizi na yai. Mlo uliofuata, wali, ndizi na yai. Siku zikaenda hivyo. Kila mlo nilimuuliza, na kila mlo alikuwa na inshallah yake. Msafara wetu nao ulikwisha kunipa jina. Waliniita Bi Ndizi. Walisema nadeka, walisema nimezoea kupikiwa, mmoja akasema mwanamke akikosa mume wa kumdekea humdekea chakula. Niliyasikia yote. Aliyekaa upande wangu alikuwa bibi mmoja wa Bofu tuliyepewa chumba naye, mama wa miraba minne anayeuza mabuibui, aliyewahi kwenda Dubai mara nyingi kununua bidhaa. Huyo alikuwa akiwaambia, "Nyamazeni nyie. Mwenye mwili ndiye ajuaye," kisha ananisogezea ndizi yake.

Siku ya kuondoka kwenda Makka tulikula chakula cha mchana mapema, basi liko nje, mizigo inapakiwa. Nilikuwa nimekonda. Mama alikuwa akiitazama sahani yangu tangu asubuhi kwa macho ya kuzuia kilio. Akasema, "Mwanangu, umra yataka nguvu. Utazunguka vipi kwa ndizi?"

Ustadhi alikuwa akipita. Akasimama nyuma ya kiti cha Mama, akaweka mkono kwenye egemeo.

"Dada, leo nimewauliza wapishi mimi mwenyewe," akasema. "Meza hii yote leo haina ufuta."

Nikamtazama. "Umewauliza?"

"Nimewauliza."

"Na hii biringanya iliyopondwa?"

"Biringanya, mtindi na kitunguu saumu. Basi."

"Ustadhi, una hakika?"

Akacheka kidogo, akawatazama watu mezani, wale walioniita Bi Ndizi. "Wallahi nimewauliza. Kula, umhurumie mamako."

Mama akasema, "Kula, mwanangu. Ameapa."

Nikala. Vijiko viwili au vitatu, na mkate mdogo usio na kitu juu. Ilikuwa laini, ina moshi moshi wa biringanya iliyochomwa, na nakumbuka niliona raha ya kula kitu chenye chumvi. Kisha ulimi ukaanza kuwasha. Nikasema moyoni, ni kitunguu saumu. Viganja vikawasha. Masikio ya ndani yakawasha, pale ambapo huwezi kujikuna. Nikainuka, miguu haikunikubali. Nikamwona Mama anafungua kinywa, sisikii anachosema, na koo langu linafungwa polepole kama mtu anayekaza kamba ya mfuko.

Sindano ilikuwa kwenye mkoba nilioufunga kiunoni. Nikaitoa, ikanidondoka. Bibi wa Bofu akaiokota. Nilimfundisha usiku tulipofika hoteli, naye alicheka akasema ataweza kumdunga hata ngamia. Hakucheka sasa. Alinipandisha gauni mbele ya wanaume na wanawake, akanidunga pajani, akashikilia, huku anamwita Mungu kwa sauti ya kutisha. Mama alinikumbatia kichwa. Wahudumu wa hoteli wakaita gari la wagonjwa. Na katikati ya yote hayo, wallahi nilimsikia Ustadhi akisema, "Mfunikeni, mfunikeni, watu wanaangalia."

Nikazindukia zahanati na dripu mkononi na mpira wa hewa puani. Daktari alisema nibaki pale mpaka kesho yake, kwa sababu jambo hili huweza kurudi. Ustadhi alikuja akasimama mlangoni. Hakuingia ndani.

"Basi haliwezi kungoja," akamwambia Mama. "Hoteli ya Makka imeshalipiwa. Nitawatumia gari."

"Utatuacha?" Mama akauliza. "Mimi sijui lugha. Sijui hata jina la mtaa huu."

"Mko mikononi mwa Mungu, Mama."

Akaenda. Aliondoka na watu wote na begi la Mama lenye dawa zake za presha, ambalo lilikuwa limekwisha pakiwa. Alimwacha mwanamke mzee wa magoti mabovu kwenye kiti cha plastiki, katika mji asimojua mtu, na bintiye hawezi hata kuketi. Kila nikilifikiria hilo damu hunipanda upya. Sumu ile ya kwanza naweza kuiita upumbavu. Lakini kuondoka kule alikuona wazi, akakupima, akakuchagua.

Aliyebaki ni bibi wa Bofu. Alikataa kupanda basi. Alipoambiwa atapoteza nafasi yake alijibu, "Niipoteze," akashusha begi lake mwenyewe kutoka tumboni mwa basi. Akatutafutia maji, akamtafutia Mama dawa ya presha kwenye duka la dawa. Alasiri akarudi hotelini kuchukua vitu vyetu, akapitia jikoni. Kiarabu chake ni cha sokoni, cha kupatana bei, lakini kilimtosha kuuliza swali moja.

Aliporudi alikaa pembeni ya kitanda changu bila kuvua baibui.

"Hakuuliza," akasema.

"Nani?"

"Ustadhi. Hakuuliza leo, hakuuliza jana, hakuuliza tangu tulipofika. Nimezungumza na mkubwa wa jikoni. Anasema ile biringanya ina tahina kila siku, ndivyo inavyopikwa. Akanishika mkono, masikini, akaniuliza, kwa nini hamkuniambia? Kila wiki kuna wageni wasiokula hiki na kile, tunawawekea vyungu vyao mbali. Kwani kazi?"

Kwani kazi. Sikulia nilipokuwa nakata roho, nililia hapo. Kilichotakiwa kilikuwa ni mtu kushuka ngazi chache na kufungua kinywa.

Lile gari aliloahidi halikuja. Tulikodi teksi ya dereva wa Kisudani, mpole, aliyemwita Mama "hajja" na kumwekea mto mgongoni. Tulisimama mahali pa kutilia nia ya umra, tukaswali, tukaingia katika ihramu. Basi tangu hapo hatukuruhusiwa kugombana, wala kubishana, wala kusema maneno mabaya. Bibi wa Bofu alinitazama nilipotoka msikitini akasema, "Meza mate, mdogo wangu. Yameze yote."

Ustadhi alikuwa sebuleni mwa hoteli ya Makka tulipoingia. Aliinuka akanyoosha mikono kama baba aliyepotelewa na watoto wake.

"Alhamdulillahi! Nilikuwa nawaombea."

"Ustadhi," nikasema, na sauti yangu bado ilikuwa inakwaruza, "uliapa kwamba umeuliza jikoni."

Akainua kidole. "Dada. Uko katika ihramu. Hapana mabishano katika ihramu. Utaiharibu ibada yako."

Nikanyamaza. Nilimsukuma Mama kwenye kiti cha magurudumu nikaizunguka Kaaba huku moyo umefura kuliko midomo ilivyofura. Mama alikuwa akilia kwa furaha, ameinua mikono, anamtaja baba, anamtaja nyanya, anawataja majirani mmoja mmoja. Nami nilijaribu. Nilijaribu kuleta dua nilizozihifadhi miaka yote, zikawa hazitoki. Kilichotoka ni, Ya Rabi, huyu mtu ameliapia jina lako, katika mji wa Mtume wako, kwa jambo la uongo, kwa sababu ya uvivu tu. Nilisema hivyo mzunguko hadi mzunguko. Sijui ilikuwa dua au ilikuwa mashtaka.

Tulipokwisha kukata nywele na kutoka katika ihramu nilimfuata tena. Nilimkuta kwenye lifti.

"Sasa niko huru kusema. Kwa nini uliapa?"

Akashusha sauti. "Dada yangu, tuko katika ardhi tukufu. Usipandishe sauti."

"Sijaipandisha. Kwa nini uliapa?"

Alitazama vitufe vya lifti. Kisha akasema jambo ambalo naamini ndilo neno la kweli pekee nililolisikia kwake. "Nilidhani ni mambo ya nafsi. Mtu akijiaminisha kitu kitamdhuru, humdhuru. Nikasema, akila bila ya kujua, atapona uoga wake. Nilikusudia kheri. Mamako alikuwa anahuzunika."

Mlango wa lifti ukafunguka, akatoka, akaniacha humo ndani.

Yaani alinijaribu. Nyanya yangu, asiyeingia shule, aliniona nimefura mara moja tu akasema asipewe. Huyu mwenye vyeti na kanzu iliyopigwa pasi alitaka kuona kwanza.

Safari iliyobaki sikuwa na sindano nyingine. Nilikula tende, ndizi, maziwa ya pakiti na mayai ambayo bibi wa Bofu alisimama jikoni akiyatazama yakichemka. Hakuna aliyeniita Bi Ndizi tena. Lakini walikuwa wananikwepa, na sikujua kwa nini mpaka tuliporudi.

Nyumbani Timbwani watu walikuja kumlaki Mama kama ilivyo desturi. Uani kulitandikwa mikeka, kukapikwa kahawa, Mama akagawa tende na maji ya zamzam kwenye vikombe vidogo. Jirani mmoja, mwanamke aliyenijua tangu nikinyonya, alinishika mkono akanivuta nyuma ya mlango wa jikoni.

"Pole, mwanangu. Tumesikia."

"Nimeshapoa, alhamdulillahi."

"Hapana. Tumesikia kwamba ile ardhi ilikukataa. Ulipotaka kwenda Makka tu, ukaanguka. Mwanangu, kama kuna jambo, tubia. Mungu ni mwingi wa kusamehe."

Nilimuuliza nani aliyesema. Akasema watu wa msafara walipiga simu tangu wako huko huko. Ustadhi mwenyewe aliwaambia ndani ya basi wamwombee yule dada, kwa kuwa kuna watu wakiisogelea nyumba tukufu, yaliyofichika huwatoka. Maskini ya Mungu! Mtu ameniwekea sumu sahanini, ameniacha zahanati, kisha amesimama mbele ya basi zima akanigeuza mimi kuwa mwenye dhambi. Na mtaani, mwanamke aliyeachwa hahitaji dhambi kubwa. Wenyewe watamtafutia. Wiki ile nilisikia nimetoa mimba, nikasikia nina mume wa mtu Changamwe.

Mama alinisihi. "Nyamaa, mwanangu. Tumetoka katika ibada, tusipoteze thawabu zetu kwa maneno."

Nilimjibu kwa ukali, mara ya kwanza maishani mwangu. "Mama, Madina ninyamaze kwa sababu watu wanaangalia. Makka ninyamaze kwa sababu ya ihramu. Nimetoka ihramu ninyamaze kwa sababu ya ardhi. Nimerudi Likoni ninyamaze kwa sababu ya thawabu. Nitasema wapi? Kaburini?"

Mama aliinuka. Alikwenda kuketi kitandani kwake.

Bibi wa Bofu ndiye aliyeleta habari kwamba Ustadhi anafanya kikao cha wasafiri wa msafara unaofuata, baada ya alasiri, kwenye ukumbi ulio juu ya ofisi yake. Tukavuka feri pamoja, tukaenda Kisauni. Hatukujificha. Tulikaa mstari wa mbele.

Alituona. Aliendelea kuzungumza habari za chanjo na mizigo, sauti yake ikiwa imepanda kidogo tu. Kisha mzee mmoja mwenye bakora aliinua mkono. Alisema ana sukari, na mguu wake mmoja una kidonda, na mkewe ndiye ajuaye apikiwe nini. Je, chakula cha huko kitakuwaje?

"Mzee wangu," Ustadhi akasema, "hilo niachie mimi."

Nikasimama. Sikupanga kusimama wakati ule, nilidhani nitangoja maswali yaishe. "Mzee, usimwachie," nikasema.

Ukumbi ukageuka wote.

"Dada," Ustadhi akasema, "hapa si mahali pake. Tuzungumze pembeni."

"Pembeni nilikufuata, kwenye lifti, ukashuka ukaniacha. Leo nasema hapa." Nikawageukia watu. "Mimi ndiye yule mnayesikia amekataliwa na ardhi. Sikukataliwa na ardhi. Nilimwambia huyu, kwenye ofisi iliyo chini yetu hapa, kwamba nikila ufuta nakufa. Akasema nimwachie. Nikamuuliza mezani mara tatu kama amezungumza na wapishi, akaapa kwa Mungu kwamba amezungumza. Hakuzungumza. Nikala mbele yake, nikaanguka mbele yake. Kisha akapanda basi akaniacha mimi na mama yangu mzee, akaondoka na dawa zake za presha."

"Ni uongo?" bibi wa Bofu akamuuliza kutoka kwenye kiti chake. "Sema ni uongo. Mimi ndiye niliyeingia jikoni."

Ustadhi alipangusa uso kwa leso. Kwa muda nilidhani atasema. Nilimwona kama mtu aliyefika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa. Lakini akatabasamu, lile tabasamu la siku ya sharubati.

"Dada yetu huyu alipatwa na mtihani," akawaambia watu. "Maradhi yanatoka kwa Mungu. Kama nimemkosea, anisamehe."

"Kama?" nikasema. Nilitaka kumrukia. Bibi wa Bofu alinishika baibui kwa nyuma. "Kama? Hujui kama umenikosea?"

Mwanamume mmoja nyuma akapiga kelele kwamba mwanamke hana haya kumwaibisha mwanachuoni mbele ya watu. Mwengine akasema mtoeni. Sikutolewa, nilitoka mwenyewe nilipokuwa nimemaliza. Kwenye ngazi nilimsikia yule mzee wa sukari akishuka nyuma yetu, bakora yake inagonga kila ngazi. Alitufikia chini, anahema, akamuuliza bibi wa Bofu kwa upole kama anamjua mtu mwengine anayepeleka umra, mtu ambaye mke wake anaweza kwenda naye jikoni. Watu wengine wachache walitoka baada yake. Wengi walibaki wamekaa.

Wiki chache baadaye wazee wawili walikuja kwetu, watu wa heshima, wametumwa kusuluhisha. Mama aliwapokea sebuleni, akawatilia kahawa. Mimi nilikaa kizingitini. Walizungumza uzuri sana, habari za kusamehe, habari za umoja, habari za Ustadhi kuumwa na moyo tangu siku ile. Walisema yuko tayari jambo hili lizikwe. Nilikuwa nikimtazama Mama, nikijua atasema nini, maana maisha yake yote ameziba mianya ya nyumba hii kwa kunyamaza.

Mama alivuta leso yake mabegani. "Wazee wangu," akasema, "mimi ndiye niliyemwambia mwanangu ale. Nilimwambia ale kwa sababu yule bwana aliapa. Na mimi ndiye niliyemshika kichwa akiwa hana pumzi, anageuka rangi mikononi mwangu. Mwambieni aje yeye, hapa, aketi kwenye mkeka huu, aniambie kwamba hakuuliza. Asiniambie kama. Aniambie hakuuliza. Kisha awaambie na wale aliowaambia ndani ya basi. Akishafanya hivyo, kusamehe ni kwetu."

Mzee mmoja akaanza kusema kwamba si vyema mtu wa daraja yake kuja kuketi...

"Basi asije," Mama akasema. "Kahawa inapoa, kunyweni."

Hajaja mpaka leo. Mtaani wapo walioacha kusema na wapo wanaosema bado. Nimepata sindano nyingine, nimemwonyesha bibi wa Bofu ninapoiweka, na nimemfundisha Mama kudunga chungwa kwa ile iliyokwisha tumika mpaka akazoea. Anataka turudi tena umra, mara hii sisi watatu peke yetu, nyumba yenye jiko, na yeye ndiye atakayekwenda sokoni. Magoti yake yamezidi kuharibika. Nimeanza kuweka akiba. Watu huniuliza kama hasira zimepungua, na wanaponiuliza huwa wanategemea niseme ndiyo.

Hazijapungua. Nafanya kazi nazo, naswali nazo, nalala nazo vizuri tu.